Kiti cha Kulia

Syombua aliiangusha ndege tena, na Mbithe, aliyekaa nyuma kama abiria, akapiga makofi.

"Tumekufa, Mama?"

"Tumekufa kabisa," Syombua akasema. "Muulize baba yako kama huko mbinguni kuna chai."

Ndege yenyewe ilikuwa viti viwili vya mbao na ndoo iliyopinduliwa, katika kiwanja kidogo mbele ya vyumba vyao viwili huko Dandora. Usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria kubwa ya kupikia muthokoi. Cherehani ilikuwa imetolewa nje ili Syombua apate pa kuweka miguu, maana ndege huongozwa kwa miguu pia, na kanyagio la cherehani ndilo lililofanana nayo zaidi. Yeye aliketi kushoto, mahali pa mwanafunzi. Mumewe, Matheka, aliketi kulia, mahali pa mwalimu.

"Kufa si kazi," Matheka alisema akicheka. "Kazi ni mimi nisikuache ufe. Tuanze tena. Tunarudi kutua. Wewe ni mwanafunzi na hujui kitu."

"Hapo sitahitaji kuigiza."

"Unavuta pua juu mapema mno. Mimi nasema nawe kwanza, kwa upole. Ukizidi, nachukua."

Mbithe akanguruma kama injini. Syombua akauvuta mfuniko kifuani, na Matheka akaanza kusema. Kila alipoanza kufundisha sauti yake ilibadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliye na wakati wote duniani.

"Tazama mwisho wa njia ya kutua, usiitazame pua. Pua itakuja yenyewe. Sikiliza kiti chako. Kikianza kuwa chepesi, ndege inakwambia imechoka. Lete pua chini. Kidogo. Kidogo tena."

Syombua, kama alivyoagizwa, akazidi kuvuta. Matheka akakohoa, akaupokea mfuniko kutoka mikononi mwake.

"Nimeshika," alisema.

"Umeshika," akajibu Syombua, akaweka mikono magotini.

Huko kwenye klabu ya ndege maneno hayo husemwa kwa Kiingereza na hayabadilishwi hata silabi. Mwalimu akitamka kwamba ameshika, usukani ni wake, na mwanafunzi hana budi kuuachia. Matheka alikuwa ameyaeleza hayo mara nyingi, na Syombua aliyapenda. Yalimfanya mumewe aonekane mrefu.

Kutoka ng'ambo ya ukuta ambao haukuwa umemalizika, kijana Kaha, fundi wa redio, akachungulia.

"Niaje, rubani! Leo mmetua wapi? Njiru ama Mombasa?"

"Tumetua kwenu," Syombua akamjibu. "Mwambie mama aongeze maji kwenye chai."

Kaha akacheka, akarudi kwa redio zake. Watu wa mtaa walikuwa wamezoea. Mwanzoni walidhani kichwa cha Matheka kimeharibika; sasa walileta watoto wao watazame.

Mbithe aliteremka kwenye ndoo, akaenda kusimama karibu na babu yake. Mzee Kiilu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza akichonga, na mkononi alikuwa na ndege ndogo ya mpingo. Mbithe alikohoa, akangoja. Mzee akaendelea kidogo na patasi yake, kisha akafungua mkono, na mtoto akaichukua ile ndege.

Ndivyo walivyoishi. Mzee Kiilu alikuwa amechonga swala na twiga tangu ujana wake kijijini Wamunyu, na nyumba yake yote ilikulia katikati ya tezo na patasi. Hakuna aliyenyakua chombo kilicho mkononi mwa mwenzake, sembuse mkononi mwa mzee. Ulisimama karibu, ukakohoa, ukangoja mkono ufunguke. Mtoto aliyenyakua alichapwa papo hapo, kwa sababu kulikuwa na vidole vilivyowahi kubaki kwenye vumbi la mbao. Syombua alipoolewa alijifunza hilo kabla hajajua kiasi cha chumvi anachokipenda mkwewe.

"Ina tumbo, Babu," Mbithe alisema akiigeuza ndege.

"Ndege isiyo na tumbo itambeba nani?" Mzee Kiilu akauliza. Alikuwa ameichonga ili Matheka aende nayo klabu, siku ya mtihani wa ualimu, amwonyeshe mpimaji jinsi ndege inavyoinama na kuinuka. Hakuwahi kuiona ndege kwa karibu, na mkono wake uliomjua swala tu ulikuwa umeipa tumbo la mnyama.

Matheka aliipokea kwa mikono miwili. "Ni nzuri sana, Baba."

"Waambie imechongwa na nani."

"Nitawaambia."

Wote walijua mtihani huo ulikuwa na uzito gani. Matheka alikuwa amerudi kutoka shule ya urubani Soroti na leseni mfukoni mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kila alipobisha aliambiwa marubani ni wengi kuliko ndege. Tangu hapo alikuwa akiosha ndege za klabu moja ya urubani kwenye kiwanja cha ndege cha Wilson. Hawakumlipa chochote ila kumruhusu aruke kidogo, kiasi cha kuifanya leseni yake isife. Sasa mpango huo ulikuwa unakoma. Meneja alikuwa amemwambia kuna nafasi moja ya mwalimu msaidizi. Akipita mtihani, ni yake. Asipopita, ndoo na vitambaa vitachukuliwa na kampuni ya usafi. Na leseni ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Leseni ikishakufa, kuifufua kunataka fedha ambazo watu wa Dandora huzisikia tu redioni.

* * *

Siku iliyotangulia mtihani, Syombua alikwenda kwa Bi Muhiba kuazima pasi ya makaa. Bi Muhiba aliuza mahamri kwenye kona, na mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Chukua, mwanangu, iko pale. Lakini hebu nieleze. Mumeo si keshajua kuendesha? Sasa wampima nini tena?"

"Kuendesha anajua, Bi Muhiba. Wanampima kama anaweza kukaa akamtazama mwingine akikosea."

"Hiyo si kazi ya rubani. Hiyo ni kazi ya mama mkwe."

Syombua alicheka hadi akaegemea mlango. Alikuwa hajacheka hivyo wiki nzima.

"Kwanza anakaa kulia," alieleza. "Miaka yote amezoea kushoto. Kila kitu kinageuka, mkono huu unafanya kazi ya ule. Halafu anatakiwa aendeshe huku anasema, na anachosema kiende sawa na kinachotendeka. Ulimi usitangulie ndege wala usichelewe. Kabla ya hapo anasimama ubaoni anafundisha. Na yule mpimaji, mzee mzima, anajifanya mjinga. Anakosea makusudi. Matheka alitafute kosa, aseme limetoka wapi."

"Makubwa! Na asipoliona?"

"Ataliona. Ana jicho."

"Haya, ameliona. Halafu?"

"Halafu anasema ameshika," Syombua akajibu. "Basi."

Bi Muhiba alimfungia mahamri kwenye gazeti, akakataa kusikia habari ya kulipwa. "Mpe ale kesho kabla hajapanda. Mtu asiende kwa Mungu na tumbo tupu."

"Bi Muhiba!"

"Nimesema kwenda, sijasema kubaki."

Shati lilikuwa jeupe. Syombua alilishona kwa vitambaa vilivyobaki alipokuwa akishona kanzu za kwaya, na hakuna aliyeweza kuona mahali alipounganisha vipande chini ya kwapa. Alilipiga pasi upande wa ndani, kisha upande wa nje, kisha akalitundika ukutani juu ya kitanda, wakala chakula cha jioni wote wakilitazama.

"Watakuita mwalimu?" Mbithe aliuliza.

"Wakinipitisha."

"Kama mwalimu wetu Nthoki?"

"Kama yeye. Lakini mimi sitakuwa na fimbo."

"Basi hawatakusikia," Mbithe akasema, na Mzee Kiilu akacheka mpaka akakohoa. Kila mtu mezani akasita na kijiko chake, kama aliyeombwa akiachie, kisha nao wakacheka.

* * *

Kwenye veranda ya klabu alikuwako bwana mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya majani, akisoma gazeti. Matheka alipopita mbele yake, bwana yule hakuinua macho.

"Soda ya tangawizi," alisema. "Barafu nyingi."

Matheka aligeuka kuona anayeambiwa ni nani. Hapakuwa na mtu. Kisha akajitazama. Suruali nyeusi, shati jeupe. Wahudumu wote wa veranda ile walivaa suruali nyeusi na shati jeupe. Kwa muda aliosafisha ndege alikuwa akivaa ovaroli, na hakuwahi kulifikiria hilo. Wala Syombua hakuwahi kuiona veranda ile.

Angeweza kusema yeye si mhudumu. Lakini ingebidi aseme basi yeye ni nani, na asubuhi ile jibu la swali hilo lilikuwa bado halijatoka. Akaenda kaunta, akachukua glasi, akaileta kwenye sinia.

"Asante, boi."

Alipogeuka, mlangoni alikuwa amesimama mzee mwenye mvi, mwenye mkoba wa ngozi chini ya kwapa. Alikuwa ameyaona yote.

"Wewe ndiye Matheka?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi naitwa Gichuru. Nimekuja kukupima. Yule uliyempelekea glasi unamjua?"

"Hapana, mzee. Ameniona na shati jeupe."

"Ukampelekea."

"Angeona vibaya, mzee."

Kapteni Gichuru aliliangalia lile shati. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na uso wa mtu aliyelea watoto wengi, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi kwa uangalifu.

"Sikiliza, kijana. Hapa chini niite Kapteni. Huko juu hata huyo kapteni hayupo. Huko mimi ni muuza viatu wa Gikomba, nimepata pesa za bahati nasibu, na sijawahi kukaa ndani ya ndege maisha yangu. Hakuna mzee huko. Kuna mwalimu na muuza viatu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee," Matheka akajibu, kisha akauma mdomo.

Chumba cha masomo kilikuwa na ubao mweusi na viti vichache. Matheka alichora, akaeleza, akaiinua ndege ya babake, na mara tu ilipokuwa mkononi hofu ikamtoka. Kapteni Gichuru aliketi kwenye dawati, akaanza ujinga wake.

"Mwalimu, injini ikizima tunaanguka kama jiwe?"

"Hatuanguki, tunateremka. Baiskeli ukiacha kuikanyaga kwenye mteremko, husimama?"

"Haisimami."

"Basi. Urefu tulio nao ndio mteremko wetu. Mradi usiinue pua kwa hofu." Akaiinamisha ndege ya mpingo, ikateremka taratibu hadi kwenye ukingo wa meza. "Mtu anayeogopa huvuta. Anadhani akivuta atapanda. Kumbe anauondoa upepo chini ya mabawa. Ndege ikikosa upepo haijui tena kama ni ndege."

Mpimaji alisahau kidogo kwamba yeye ni muuza viatu. Aliinamia mbele. "Nani amechonga hiyo?"

"Baba yangu, Kapteni. Mzee Kiilu wa Wamunyu."

"Mwambie ina tumbo kubwa," Kapteni Gichuru alisema, na wote wawili wakatabasamu. Alipofunga mkoba wake aliongeza, kama anayejisemea, "Nimekaa katika vyumba hivi miaka mingi. Sijafundishwa hivyo hata mimi."

Matheka alitembea kuelekea kwenye ndege ambayo alikuwa ameiosha mara nyingi kuliko alivyoogesha mtoto wake, na kwa mara ya kwanza aliuzunguka mkia wake akafungua mlango wa kulia.

* * *

Angani alikuwa mwalimu. Hata Kapteni Gichuru alikiri hivyo baadaye, na hakuwa mtu wa kusema uongo ili kumtuliza mtu. Matheka alipinda kushoto akieleza kupinda, na maneno yakafika pamoja na bawa. Alimwambia muuza viatu aweke mikono yake kwenye usukani, myepesi, kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Alimwacha ajaribu. Muuza viatu alipolemea upande mmoja, Matheka aliona kwamba kosa halikuwa mikononi bali miguuni, akasema hivyo, na mpimaji akaguna kwa kuridhika. Mbali upande wa mashariki mabati ya Eastlands yalimeta yote pamoja, na mtu asingejua kwa mbali hivyo kwamba ni mabati ya watu maskini.

Kisha wakarudi kutua.

"Tazama mwisho wa njia," Matheka alisema. "Usiitazame pua."

Muuza viatu aliitazama pua. Akaanza kuvuta, kabla njia haijafika.

"Mapema kidogo. Lete pua chini."

Hakuileta. Alivuta zaidi, na Matheka akaliona kosa lote, lilikotoka na linakokwenda, kama alivyoliona mara nyingi kwenye viti vya mbao nyumbani. Hakushangaa. Akaunyosha mkono wake hadi karibu na usukani wa pili uliokuwa mbele yake mwenyewe, uliounganishwa na ule wa mwanafunzi, usukani wake halali, bila kuugusa. Akaitazama mikono ya mzee. Ilikuwa mikono yenye mishipa, yenye saa ya zamani, nayo ilikuwa imeshika.

"Pua chini," alisema. "Chini tena."

Kiti kikawa chepesi.

Matheka akakohoa.

Akangoja mikono ile ifunguke.

King'ora chembamba kikaanza kulia juu ya vichwa vyao, kile kinacholia ndege inapokaribia kuishiwa na upepo. Pua ikatikisika. Chini yao nyasi za kabla ya njia zilikuwa karibu kiasi cha kuonekana moja moja.

"Mzee," Matheka alisema. "Mzee, tafadhali."

Ghafla muuza viatu hakuwapo tena. Kapteni Gichuru aliisukuma pua chini, akaifungulia injini nguvu zote, ndege ikazama kidogo, ikasita, kisha ikapita juu ya njia na kuanza kupanda.

"Nimeshika," Kapteni alisema.

"Umeshika," Matheka akajibu, akaweka mikono magotini.

* * *

Walisimama kando ya bawa hadi injini ikapoa. Kapteni Gichuru hakufungua mkoba wake.

"Kosa uliliona?"

"Nililiona, Kapteni."

"Najua. Nilikuona ukiliona kabla sijalimaliza. Ukanielekeza, sawasawa kabisa. Halafu?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ukingoja nini?"

Matheka aliutafuta uongo, hakuupata. "Uachie."

"Mwanafunzi aliyeogopa haachii, Matheka. Anashika kama mtu anayezama." Mzee alisema hayo bila ukali. "Wengine niliowapitisha hawajui kueleza hata jua linachomozea wapi. Lakini ikifika pale, wanachukua. Hata kama mimi ni babu yao. Wewe unafundisha kuliko wote hao, na siwezi kumpandisha mtoto wa mtu pamoja nawe."

"Naweza kurudia lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Leseni yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Nilikuwa nikiruka kwa kuosha ndege, na kuosha kumekwisha."

Kapteni Gichuru alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kulikuwa na kitu humo, akaivaa tena.

"Pole, kijana," alisema. Akatoa mkono, na Matheka akaushika kwa mikono yake miwili, akiinama, kama alivyofundishwa.

Ndege ya mpingo ilikuwa imebaki chumba cha masomo. Matheka aliporudi kuichukua aliikuta mikononi mwa yule bwana wa kofia ya majani, ambaye alikuwa ameingia kutafuta kivuli.

"Hii imetoka wapi? Nzuri sana. Ona hili tumbo!"

"Ni yangu, bwana. Baba yangu ameichonga."

"Bei gani?"

"Siiuzi, bwana."

"Ah, kila kitu kinauzwa," bwana yule alisema kwa uchangamfu, akiigeuza kwenye mwanga. "Rafiki yangu ana duka la vinyago mjini. Baba yako aweza kuchonga nyingine?"

Matheka alisimama karibu naye. Alikohoa. Alisimama pale, akiutazama mkono ule mwekundu wenye pete, kwa muda uliozidi adabu. Haukufunguka. Mwishowe bwana yule alichomeka noti kwenye mfuko wa shati jeupe, akaugongagonga kwa kidole, akaondoka na ndege.

* * *

Syombua aliujua ukweli alipomwona mumewe akiingia kiwanjani na shati mkononi, amebaki na fulana. Alimtuma Mbithe kwa Bi Muhiba kurudisha pasi. Mzee Kiilu aliinua macho, akayarudisha kwenye kazi yake.

"Waliniona mhudumu," Matheka alisema, akiliweka shati juu ya cherehani. "Lakini si hiyo. Hiyo ilipita. Ubaoni nilifanya vizuri, Mama Mbithe. Juu pia. Kila kitu."

"Sasa?"

"Wakati wa kutua. Ule wetu, wa kuvuta pua mapema. Alivuta kama wewe unavyovuta. Nikamwambia mara ya kwanza, mara ya pili. Nikakohoa. Hakuachia." Alitikisa kichwa polepole, kama anayesimulia jambo lililompata jirani. "Nikangoja. Hakuachia tu."

Syombua alikuwa amelichukua shati, amesimama nalo mikononi. Alisikia neno lile la kutoachia likimwingia. Akaviona viti viwili, mfuniko wa sufuria, jioni zote zile. Akajaribu kukumbuka mara moja, mara moja tu, ambayo mumewe aliuchukua mfuniko kutoka mikono iliyoukatalia. Hakuipata. Alikuwa mwanafunzi mbaya kwa kila alichoagizwa: alivuta, alilemea, alikanyaga vibaya, aliwaua wote. Lakini Matheka alipokohoa, alimwachia. Hata hakujua kwamba anaachia. Ilikuwa adabu ya nyumba ile, naye aliijua kuliko waliozaliwa humo.

"Nyumbani nilikuwa nikichukua vizuri," Matheka alisema. "Sivyo? Wewe uliona."

Mzee Kiilu aliacha kuchonga.

"Vizuri sana," Syombua akasema.

"Basi sijui ni nini."

"Ni siku tu. Siku nyingine ni mbaya." Alilikunja shati, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha kufutia vyombo. "Kaa. Nikuletee chai."

Ndani, mbele ya jiko la mkaa, alilia bila sauti, kisha akanawa uso, kwa sababu Mbithe alikuwa anarudi na Bi Muhiba nyuma yake, na Bi Muhiba alikuwa tayari akiita kutoka barabarani, "Vipi, mwalimu wetu yuko wapi?"

Matheka ndiye aliyemjibu. "Yupo hapa, Bi Muhiba. Karibu chai."

* * *

Leseni ilikufa mwisho wa mwezi. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kaha tu, ambaye hakuambiwa, aliendelea kuchungulia juu ya ukuta akiuliza ndege imetua wapi, mpaka mama yake akamvuta sikio.

Rafiki wa yule bwana wa kofia alikuwa na duka kweli, na alizitaka ndege za mpingo zenye tumbo. Watalii walizipenda. Mzee Kiilu hakuziweza peke yake, kwa hiyo Matheka alimsaidia kuzipiga msasa. Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, na magoti yake yalikuwa meusi kwa vumbi. Kazi yake ilikuwa safi. Siku moja alijaribu kuondoa tumbo, aifanye ndege iwe kama ndege, na dukani ikakataliwa. Akaanza tena kuacha tumbo.

Alasiri moja Syombua alikuwa akishona karibu nao, sare ya mtoto wa mtu, na Mbithe alikuwa amekaa kwenye ndoo.

"Baba, tucheze ndege?"

"Viti vina kazi, mwanangu."

"Mimi naweza kuwa mwanafunzi. Najua kukosea kuliko Mama."

"Nenda ukacheze na wenzako."

Mbithe hakwenda. Alianza kunguruma taratibu, peke yake, kama injini iliyo mbali. Matheka aliinua ndege aliyokuwa akiisugua, akaitazama kwenye mwanga, akaipuliza, na vumbi la mpingo likamwingia kooni. Akakohoa.

Cherehani ikanyamaza. Mikono ya Syombua ilikuwa imeachia kitambaa, nacho kikateleza taratibu kutoka mezani na kuanguka chini, wala hakuna aliyekishika.